Mililita Mia Tisa

Kwa mujibu wa karatasi, Msasa alikuwa anakojoa vizuri kuliko mtu yeyote katika wodi ile. Karatasi yenyewe ilibanwa kwenye ubao uliofungwa kwa kamba miguuni pa kitanda, na kwa siku nne mfululizo ilisema neno moja: mililita mia tisa. Mia tisa Jumatatu, mia tisa Jumanne, mia tisa Jumatano, na Alhamisi pia mia tisa. Hata bomba la mjini halitoi maji kwa uaminifu wa namna hiyo.

Mkewe aliisoma karatasi asubuhi ya Alhamisi, kabla namba ya siku hiyo haijaandikwa, kisha akainama kuutazama mfuko ulioning'inia ubavuni mwa kitanda, ule unaopokea mkojo kwa mrija. Ndani mlikuwa na majimaji ya rangi ya chai iliyolala, nayo hayakufika hata pale mistari ya vipimo inapoanzia. Huyu mama alikuwa muuza maziwa. Kwa miaka kumi na saba alikuwa amekaa kibarazani pake na ndoo yenye mfuniko na kopo la nusu lita, akimimina tangu alfajiri mpaka jua linapoanza kuchoma, na katika vitu vya majimaji jicho lake lilikuwa halikosei. Alijua nusu, alijua robo, alijua robo iliyopunjwa. Kilichokuwa ndani ya mfuko ule kisingejaza kikombe kidogo cha kahawa.

Mumewe alikuwa fundi rangi. Msasa walimwita kwa ajili ya ulimi wake, uliokuwa haupiti juu ya mtu bila kumkwaruza. Korona ilimpata akiwa kazini, akamaliza siku kumi na mbili kwenye oksijeni, na Jumapili walipomvua ile barakoa ya hewa akapumua mwenyewe, dada yake alipiga simu kwa ukoo mzima kutangaza kwamba kaka amepona. Hakuna aliyeuliza habari za figo. Watu walijua korona inakaa kwenye mapafu. Kwamba inaweza kushuka ikazibana figo mpaka zikasimama, hilo hawakuambiwa, na waliopaswa kuwaambia walikuwa na haraka.

Tangazo mlangoni lilisema ndugu haruhusiwi kuingia wodi ya korona. Lilikuwa tangazo kali, lenye mhuri, na lilifanya kazi mchana kutwa isipokuwa saa kumi na mbili asubuhi, wakati wa kuosha wagonjwa. Wahudumu walikuwa wawili kwa vitanda thelathini na moja, nao hawakupenda kugusa. Basi saa hiyo kila mgonjwa aliruhusiwa ndugu mmoja, naye alivalishwa joho la plastiki alilokuwa amelivua mwenzake dakika tano zilizopita, likiwa bado na jasho lake. Beseni lilikuwa moja kwa vitanda sita. Ukimaliza kumwosha wako, unalipitisha kwa jirani na maji yake, na jirani anatazama yale maji, anakutazama na wewe, kisha anachovya kitambaa.

Muuza maziwa alikuwa anafuta shingo ya mumewe pale mhudumu alipokuja kuandika. Alikuwa mtu mzima mwenye redio ndogo mfukoni mwa shati. Alisimama hatua mbili kutoka kitandani, akauvuta ubao kwa ncha za vidole, akasoma cha jana na kukiandika tena chini yake. Halafu akafungua mfuko juu ya ndoo, uso ameugeuzia dirishani, akaenda kitanda cha pili kufanya vilevile. Hata kuinama hakuinama.

Mama huyo alimaliza kuosha, akakausha mikono, akamfuata sista mkuu wa zamu mezani kwake.

"Sista, samahani. Mume wangu hakojoi."

Sista aliomba ubao uletwe, akausoma. "Mia tisa. Sasa wewe ulitaka akojoe ngapi?"

"Hizo mia tisa hazimo kwenye mfuko."

"Zimemwagwa, mama. Mkojo hauwekwi akiba."

Alimweleza kwamba yeye kupima ndiyo kazi yake, anauza maziwa, na kwamba miguu ya mgonjwa imeanza kuvimba. Sista akamuuliza amesoma mpaka wapi. Akasema darasa la saba. Sista akawageukia ndugu wengine waliokuwa wamesimama na mabeseni, akasema kwamba hospitali nzima sasa itangoja ushauri wa darasa la saba, na akamwambia mama arudi akapime maziwa, mkojo awaachie waliosomea. Ndugu wale wakacheka ndani ya barakoa zao. Wagonjwa wa watatu kati yao walikuwa wameandikiwa mia tisa pia, lakini ukicheka na mkubwa huonekani mkorofi.

*

Mtu mwingine angenyamaza. Au angetafuta mjomba wa jirani mwenye kujuana na mtu ndani. Muuza maziwa alifanya kosa ambalo muuza maziwa peke yake angelifanya: alikwenda na kopo.

Lilikuwa kopo la zamani, lililobonyea ubavu, ambalo hakulitumia tena kwa wateja lakini kipimo chake kilikuwa sawa. Alilificha chini ya nguo safi za mgonjwa. Ijumaa aliwahi kabla ya mhudumu, akafungua mfuko, akamimina mkojo wa siku nzima ndani ya kopo, akalisimamisha sakafuni mpaka majimaji yatulie. Kisha akakwaruza alama kwa ncha ya ufunguo pale yalipofika. Hayakufika robo ya kopo. Mhudumu alipokuja na kukuta mfuko mtupu, hakuuliza. Aliandika mia tisa.

Jumamosi alama ilikuwa chini zaidi. Kufikia siku hiyo miguu ya Msasa ilikuwa ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Uso ulikuwa umejaa, kwikwi imemshika haimwachi, kila anachonyweshwa anatapika, na pumzi yake ilinuka mkojo ambao mwili ulishindwa kuutoa. Siku zote za oksijeni alikuwa akiwatania watu kwa macho na vidole. Sasa mkewe alimwambia kwamba mgonjwa wa jirani anakoroma kama trekta, utani ambao kwa kawaida angeudaka ukiwa hewani, naye akamtazama tu. Hapo mama aliogopa kwa mara ya kwanza, akaogopa kweli.

Sista aliingia na kumkuta amechuchumaa, kopo mkononi. Aliuliza kwa sauti iliyofika vitanda vyote thelathini na moja kwamba huyu mwanamke anafanya nini na mfuko wa mgonjwa. Mama akajaribu kumwonyesha alama. Sista hakutazama alama. Alisema hili ni jambo chafu ambalo hajaliona tangu aanze kazi, mtu kuleta chombo cha biashara ya chakula wodini na kukitia mkojo, na akaamuru atolewe. Alitolewa akiwa bado na kopo lenye mkojo wa mumewe, akapita nalo katikati ya wodi na ukumbini mpaka nje, watu wakimpisha na kuziba pua. Uchafu wa wodi ile ulikuwa mwingi wa kutosha kujaza lori, lakini siku hiyo wote waliona wa kwake.

*

Jumapili hakuruhusiwa kuingia. Alikaa getini tangu asubuhi, na saa tatu alipomwona daktari kijana anashuka kwenye pikipiki, akamzuia njia. Hakulia wala hakupiga magoti. Alimwonyesha kopo, sasa limeoshwa, akasema, "Hii alama ni ya Ijumaa. Hii ni ya jana. Karatasi yenu inasema karibu makopo mawili."

Daktari alilishika kopo, akalizungusha, akauliza mgonjwa ni wa kitanda gani. Kwa siku zote hizo alikuwa akipita na kusoma ubao, na ubao ulikuwa unasema mtu huyu ni mzima. Kipimo cha damu cha figo hakikuwa kimefanyika kwa sababu dawa ya kupimia ilikuwa karibu kuisha, na aliyeandikiwa mia tisa hakupewa nafasi katika ile kidogo iliyobaki. Sasa alikwenda kitandani, akainama, akabonyeza mguu, akatoa damu na kuipeleka maabara mwenyewe kwa miguu yake. Saa sita mchana alimwita mama ndani. Figo za mumewe zilikuwa zimesimama kwa siku kadhaa. Chumvi za damu zimepanda, zikizidi kidogo moyo nao utasimama. Alihitaji mashine ya kusafisha damu, leo, si kesho.

Walizungumza katika chumba cha sista, chenye meza moja, kabati la chuma na feni isiyozunguka. Daktari alikaa ukingoni mwa meza, sista kwenye kiti. Muuza maziwa alisimama, kwa sababu kiti cha pili kilikuwa kimewekwa boksi la glavu na hakuna aliyejisumbua kuliondoa.

Tatizo, daktari alieleza, ni kwamba mashine ya watu wa korona ni moja, na ruhusa yake anaitoa daktari bingwa, ambaye husoma faili kabla ya kuweka sahihi. "Akifungua faili akute mia tisa, mia tisa, mia tisa, atanirudishia. Atasema mtu anayekojoa hivi mashine ya nini. Lazima pawe na maelezo."

"Si museme tu kwamba zile namba ni za uongo?"

Sista akasema kwa upole, upole ambao hakuwa ameuonyesha siku zote zile, kwamba likisemwa hivyo linakuwa jambo la uchunguzi. Uchunguzi una kamati. Faili linakwenda kwa kamati, na faili likiwa huko hakuna atakayeligusa. "Na kamati hukaa Jumatano," alimalizia.

"Leo Jumapili, sista."

"Ndiyo maana nakwambia."

Halafu akatoa njia. Alikuwa nayo tayari, maana karatasi ilikuwa imeshaandikwa nusu. Wodi nzima ilimwona mama na kopo. Basi mama aandike kwamba alikuwa akiongeza maji kwenye mkojo wa mgonjwa kabla ya kupimwa, ili mumewe aonekane amepona na aruhusiwe mapema. Hakujua madhara yake. Mtu asiyejua hashtakiwi, na bingwa ataelewa mara moja. "Muuza maziwa na maji," sista alisema, "hilo halihitaji maelezo marefu."

Inafaa ijulikane huyu aliyekuwa akiambiwa hivyo ni nani. Katika miaka kumi na saba hakuwa ameongeza tone. Mwaka mmoja mvua iliingia ndooni kwa sababu ya mfuniko uliopasuka, akamwaga lita ishirini mtaroni wateja wakiangalia, na wapo waliotoka mtaa wa tatu kuja kununua kwake kwa sababu ya siku ile. Hilo ndilo lililokuwa jina lake, na hakuwa na mali nyingine.

"Daktari," alisema, "wewe umeziona alama kwenye kopo."

Daktari alitazama viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya. Watu kama yeye si wabaya, ni wa kutia kichefuchefu tu. "Mama, mimi ninachotaka ni mumeo apate mashine leo," akasema.

Nyuma ya ukuta kwikwi ya Msasa ilisikika, ikatulia, ikaanza tena. Muuza maziwa aliomba kalamu. Sista akamwonyesha pa kuweka sahihi, kisha akamwambia aweke na dole gumba pembeni, ili iwe imekamilika. Saa tisa alasiri Msasa alikuwa kwenye mashine.

Katika wale wengine wa mia tisa, mmoja alikufa Jumatatu. Hakuwa na mke anayejua vipimo. Faili lake lilifungwa likionyesha kwamba marehemu alikuwa anakojoa vizuri mpaka dakika ya mwisho.

*

Msasa alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, amekonda, suruali imeshikwa kwa kamba. Virusi vilikuwa vimekwisha lakini figo hazikuamka zote. Mara mbili kwa wiki alipaswa kurudi hospitali akasafishwe damu, labda kwa miezi, labda kwa maisha. Mtu wa kukosa zamu mbili mfululizo, walimwambia, asihesabu kuiona ya tatu.

Habari ya karatasi ile aliyoitia sahihi mkewe ilifika nyumbani kabla yake. Sista aliidondosha ukumbini mbele ya wifi, dada wa Msasa, kwa sauti ya kumsikitikia, na wifi hakuwa mtu wa kuacha kitu kikalala. Alikuja mpaka kibarazani, wateja wawili wakiwa wamesimama, akauliza kama ni kweli.

"Wifi, mimi sikukutegemea. Kaka yangu anakufa, wewe unacheza na maji?"

Muuza maziwa alisema si kweli. Wifi akauliza sahihi ile ni ya nani. Akasema ni yake. Wifi akageuka, akawaachia wateja jibu hilo. Kesho yake mteja mmoja, mama mtu mzima aliyenunua pale tangu wanawe wakiwa wachanga, alichovya kidole kwenye maziwa, akadondosha tone juu ya ukucha na kulitazama kama linatiririka. Akalipa akaenda. Wengine hawakuja hata kujaribu. Ndoo iliyokuwa ikiisha saa mbili asubuhi sasa ilifika mchana na nusu yake, na kilichobaki kiliganda.

Alivumilia mpaka Msasa alipopata nguvu za kukaa kitako. Siku moja mchana, wakiwa wawili chumbani, alimsimulia yote, tangu ubao mpaka dole gumba. Msasa alisikiliza bila kumkatiza.

"Mimi nilimwona yule wa redio," akasema mwishowe. "Nilikuwa hoi lakini nilimwona. Hata kuinama hakuinama." Akamshika mkono. "Mama, wewe ndiye uliyeniokoa. Na huyo sista, ngoja nipate nguvu. Nitamkwaruza mpaka ukutani."

Mkewe alicheka, kicheko cha kwanza tangu Alhamisi ile. Usingizi wa mchana ulimchukua palepale kwenye ukingo wa kitanda. Kuaminiwa na mtu mmoja, aliona, kunatosha, ilimradi mtu mwenyewe ni huyu.

*

Wiki iliyofuata walimkuta sista chumba cha mashine. Alikuwa amehamishiwa huko kuwa msimamizi, cheo kipya, joho jipya lisilo la kupokezana. Mashine zilikuwa nne na mbili zilikuwa zimekufa. Asubuhi hiyo watu kumi na mmoja walikaa kwenye benchi, na sista alisimama mlangoni na daftari, kwa sababu nafasi zilikuwa sita tu na yeye ndiye aliyeamua ni za nani. Waliosalia wangerudi keshokutwa. Msasa alikuwa tayari amekosa zamu moja, na miguu imevimba tena. Viatu vilikuwa vimekataa kuingia, alikuja na kandambili.

Sista alipita na kalamu, akiuliza huyu na yule, akaandika majina matano. Kisha akafika kwao, akatabasamu.

"Ee, wa maziwa. Leo hukuja na kopo lako?"

Benchi zima liligeuka. Muuza maziwa alimtazama mumewe, na ukweli ni kwamba alikuwa anangoja. Watu watatu pale walijua kilichotokea: sista alijua, yeye alijua, na Msasa alijua. Alimwona anavuta pumzi na kujiinua kidogo kwenye benchi, namna anavyofanya akitaka kumpa mtu vidonge vyake.

"Nimemnyang'anya, sista," Msasa alisema. "Huyu ndivyo alivyozoea. Akiona kitu cha majimaji lazima aongeze maji, hata mkojo wa mumewe hakuuonea huruma. Kama si nyinyi, angeshanizika huyu."

Watu walicheka. Walikuwa wagonjwa wenye nyuso zilizovimba, walioamka alfajiri kuogopa, na kicheko kiliwatoka kwa shukrani. Sista alicheka mpaka akaegemea mlango. Akasema mtani wake huyu hawezi kurudishwa nyumbani, akaandika jina la sita na kumwambia aingie akashike kiti cha dirishani.

Msasa alinyanyuka kwa kushika bega la mkewe, maana hapakuwa na cha kushika kingine. Alilibana kidogo kwa vidole. Mkewe alielewa maana yake, na hata aliwaza kwamba katika hali ile yeye mwenyewe huenda angesema vilevile, na wazo hilo lilimtia kinyaa kuliko kicheko chote. Alikaa sawa, akaweka mikono mapajani.

Mwanamke aliyekaa naye, aliyekuwa akifuta machozi ya kucheka kwa upindo wa mtandio, alimgeukia akamuuliza kama kweli alifanya hivyo. Muuza maziwa akasema ndiyo, kweli, aliongeza maji. Na alisema kwa sauti, maana sista alikuwa bado amesimama pale na daftari lake mkononi.